Mikono Inayosubiri Jibu: Kufundisha Kukanda Mbwa Nyumbani Kwangu Ngong

Watu wengi wanaojiandikisha kwa warsha yangu ya kukanda mbwa hufika wakitarajia kuonyeshwa mahali pa kubonyeza, na huwa nawaona wakikunja mikono ya mashati hata kabla hawajaketi. Saa ya kwanza hawabonyezi chochote. Hukaa sakafuni juu ya mablanketi, migongo imeegemea ukuta na viganja vimetulia mapajani, huku mbwa akizunguka chumba akinusa viatu, miguu ya makochi na mikoba ya wageni, mpaka yeye mwenyewe aamue kumsogelea mtu. Kwa baadhi yao saa hiyo ni ndefu mno. Kwangu hiyo ndiyo warsha yenyewe, na kama ningeambiwa nipunguze somo lote nibakize sehemu moja tu, ningebakiza hiyo.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia katika tiba ya viungo kwa binadamu, nikiwahudumia watu waliovunjika mapaja, waliopooza upande mmoja wa mwili, na wazee ambao magoti yao yalikuwa yamekataa kukunjika. Nilipostaafu nilihamia Ngong, mahali ambapo baridi ya mwezi wa Julai huwatesa mbwa wazee kama inavyowatesa watu wazee, nikaanza kuwakanda mbwa wangu jioni kwa sababu niliwaona wakiamka kwa shida. Daktari wa mifugo aliyekuwa akija kuwachanja alinikuta siku moja nikiwa katika shughuli hiyo, akachuchumaa akatazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniuliza kama ningekubali kuwafundisha baadhi ya wateja wake. Ndivyo jambo hili lilivyoanza, na ndiyo sababu tangu mwanzo limekuwa na daktari ndani yake.

Nalitaja hili mapema kwa kuwa ni suala la sheria pia. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2011 inayohusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao imeikabidhi Bodi ya Madaktari wa Mifugo kazi ya kuwasajili wanaoruhusiwa kutibu wanyama, na mimi simo katika orodha hiyo. Kwa hiyo mtu anaponipigia simu akisema mbwa wake ameanza kuchechemea wiki iliyopita, jibu langu ni kwamba ampeleke kwa daktari kwanza, na aje kwangu baadaye daktari akikubali. Kukanda kunaweza kumlegeza mbwa aliyekazana misuli, lakini mguu wenye ufa katika mfupa haukandwi, wala mbwa mwenye homa, wala mwenye jeraha lililo wazi, wala mwenye uvimbe ambao haujachunguzwa. Wapo wanaokasirika. Mtu aliyekwisha kujipanga na kulipa nauli hapendi kuambiwa arudi, lakini katika hili sina majadiliano.

Jambo la pili nisilojadiliana na mtu ni kadi ya chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili huua karibu kila mara, awe ni mnyama au binadamu, na virusi vyake husafiri katika mate. Serikali ilizindua mwaka 2014 mpango wa kukitokomeza kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo mwaka 2030, na shabaha inayojulikana ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa mahali ili ugonjwa ukose njia ya kupita. Warsha ya nyumbani haiwezi kufanya mengi katika jambo kubwa kama hilo, lakini inaweza kukataa mbwa asiyechanjwa asiingie langoni. Ndoo ya maji na kipande cha sabuni hukaa karibu na bomba la nje, na kila mgeni huelezwa kwamba akikwaruzwa au akiumwa, hata kidogo, ataosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali, bila kungoja aone kama kitapona chenyewe.

Niliwahi kufikiria kukodi ukumbi, nikaacha. Ukumbi una mwangwi, una sakafu ya vigae inayoteleza, na una harufu ya dawa za kusafishia ambazo kwa pua ya mbwa ni kelele kubwa. Nyumbani kwangu naweza kutandika mablanketi mazee juu ya mkeka wa mpira, naweza kufungua mlango wa nyuma ili mbwa aliyechoshwa atoke aende kwenye nyasi, na naweza kuhakikisha kwamba mbwa wawili wasiojuana hawakutani kwenye korido nyembamba. Siwachukui zaidi ya mbwa wanne kwa siku, na kila mmoja huwa na chumba au pembe yake. Wageni huombwa wasijipulizie manukato asubuhi hiyo, na mbwa waletwe wakiwa hawajala kwa saa kadhaa, maana tumbo lililojaa halipendi kuguswa. Kabla ya kuingia ndani, kila mbwa hutembezwa uani kwa kamba iliyolegea mpaka aache kuvuta. Mbwa wangu mwenyewe, jike lenye umri mkubwa liitwalo Popi, ndilo tunalotumia katika maonyesho ya mwanzo, na akiamua kuondoka katikati ya maonyesho, maonyesho yamekwisha.

Sasa nije kwa watu. Katika mitaa mingi ya Nairobi na viunga vyake, mbwa hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Mchana hufungiwa kibandani, usiku hufunguliwa azunguke boma, na mikono inayomgusa katika maisha yake ni ile inayomsukuma arudi ndani alfajiri na ile inayomshika kwa nguvu siku ya chanjo. Wenye mbwa wa aina hii walipoanza kuja kwenye warsha, nilishangaa kuona jinsi walivyowajua mbwa wao kidogo. Mmoja wao, mzee mstaafu mwenye heshima zake, alikuja na German Shepherd dume aitwaye Simba, ambaye alikuwa akipata taabu kuinuka asubuhi, na daktari alikwisha kumwambia kwamba nyonga zake zina kasoro ya kulegea inayowasumbua sana mbwa wa aina hiyo. Mzee alikuwa amemnunua Simba akiwa mtoto, alikuwa akimnunulia chakula kizuri, na alimpenda kwa dhati. Simba aliingia sebuleni, akazunguka, akampita mzee bila kusimama, kisha akaketi akiutazama mlango.

Nilimwuliza mzee ni nani anayempa Simba chakula. Akasema ni bawabu. Nikamwuliza bawabu yuko wapi, akasema yuko garini, ndiye aliyemshika mbwa njiani. Tulimwita. Alikuwa kijana wa makamo, akavua kofia mlangoni akasita, hana hakika kama anaruhusiwa kukaa sakafuni pamoja na mwajiri wake. Alipoketi, Simba aliinuka kwa ile taabu yake, akaja akamgeuzia mgongo, akakaa akiwa amemwegemea. Mgongo uliogeuzwa ni heshima kubwa kwa mbwa, kwa sababu anakukabidhi upande asioweza kuulinda. Mzee aliliona hilo, na nilimwona usoni kwamba lilimgusa, lakini hakulichukulia kwa wivu. Alisema tu, "Basi mfundishe yeye, mwalimu. Mimi nitatazama nijifunze."

Tangu siku ile naomba kila mwenye mbwa aje na mtu anayemhudumia mbwa huyo kila siku, awe bawabu, msaidizi wa nyumbani au mtoto anayemtembeza, na huyo wa pili halipi ada. Si kila mwajiri anayelifurahia jambo hili. Nimeambiwa kwa upole, na wakati mwingine bila upole, kwamba ninawaharibia watu wafanyakazi wao. Msimamo wangu ni kwamba mkono wa mtu anayeaminiwa na mbwa hufika ndani ya misuli haraka kuliko mkono wa mtaalamu asiyemjua, na kwamba bawabu anayejua kusoma mwili wa mbwa ni salama zaidi kazini kuliko asiyejua. Zaidi ya hayo, mfanyakazi anayejua kwamba Simba huumwa nyonga za nyuma hatamvuta tena kwa ukosi ili kumwingiza kibandani.

Kusoma mwili wa mbwa ndiko kunakoijaza ile saa ya kwanza. Tunatazama mbwa anapolamba pua bila kuwa na chakula mbele yake, anapopiga miayo bila usingizi, anapogeuza kichwa pembeni huku jicho likibaki kwako mpaka weupe wake ukaonekana, anapokunja mkia, anapojikausha ghafla asimeze hata mate. Hizo zote ni njia zake za kuomba nafasi, na mbwa aliyeomba nafasi mara nyingi bila kusikilizwa ndiye anayefikia kuuma. Upande wa pili tunatazama kope zinazolegea, midomo inayotulia, pumzi ndefu inayotoka puani, uzito unaohamia upande wa mtu. Baada ya hapo huja zoezi dogo ambalo nalitilia mkazo kuliko mbinu zote: gusa ubavu wa mbwa au sehemu ya chini ya shingo kwa sekunde tatu, ondoa mkono, tulia. Akikusogelea au akikusukuma kwa pua, endelea. Akibaki palepale bila kusema lolote, ngoja. Akiondoka, umejibiwa. Watu wazima waliosoma, wenye kampuni zao na watu wa kuwaamrisha, huona ugumu mkubwa katika kuondoa mkono. Wanataka kuendelea kwa sababu wao wanaona raha. Mara nyingi watoto hulielewa zoezi hili mapema kuliko wazazi wao.

Nawaomba pia waache kuanzia kichwani. Mkono unaoshuka kutoka juu kuelekea kwenye paji la uso humtisha mbwa asiyekujua, na hata mbwa wengi wanaokujua huvumilia tu. Tunaanzia begani, na kuna sababu ya kimaumbile ya kufanya hivyo. Mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na miguu hiyo haikuunganishwa na kiwiliwili kwa kiungo cha mfupa kama mikono yetu ilivyounganishwa kupitia mtulinga. Imeshikiliwa na misuli na kano. Mbwa mwenye maumivu ya nyonga huhamishia mzigo mbele, na kadiri miezi inavyopita mabega na shingo yake hukaza kwa kazi ya ziada. Mtu hutazama miguu ya nyuma inayoburuta, akakimbilia kuikanda hiyo, wakati bega ndilo linalolia kimyakimya. Simba alikuwa hivyo. Bawabu wake alipoweka kiganja nyuma ya ubapa wa bega, alisema mahali pale palikuwa pagumu kama ubao, na baada ya kulipitia polepole kwa dakika chache alitangaza, kwa sauti ya mtu aliyeona ajabu, kwamba ngozi imeanza kuteleza juu ya nyama.

Kuhusu kiasi cha nguvu, nawafundisha kwa miili yao wenyewe. Kila mtu hufumba jicho moja na kuligusa kope lake kwa ncha ya kidole, kwa uzito ule ambao jicho halisumbuki hata kidogo, na huo ndio uzito tunaoanza nao juu ya mbwa. Kisha hushikana mikono wawili wawili, mmoja akimkanda mwenzake kuanzia kiwiko hadi kifundo, na anayekandwa ndiye anayesema pale panapouma, pale panapotekenya na pale anapotaka mwenzake abaki. Baada ya hapo huja mipapaso mirefu ya kiganja kizima, kufuata uelekeo wa manyoya, kutoka shingoni kupitia pembeni mwa uti wa mgongo hadi kiunoni. Juu ya mifupa ya uti wenyewe hatubonyezi kamwe. Baadaye huja miduara midogo ya ncha za vidole inayoisogeza ngozi yenyewe, si kuteleza juu ya manyoya, kisha kuinua mikunjo ya ngozi iliyolegea ya mgongoni na kuiachia polepole. Mwishoni tunarudi kwenye mipapaso mirefu, ili mbwa ajue kwamba kazi inakaribia kwisha. Mapaja ya nyuma huguswa mwisho, na kwa mbwa mwenye nyonga mbovu huguswa kwa joto la kiganja tu. Mbwa wengi hutosheka kwa dakika 10 hadi 15. Anayetaka kumkanda mbwa wake kwa saa nzima namwuliza ni nani hasa anayehitaji hiyo saa.

Faida moja ambayo haikuwa katika mpango wangu wa mwanzo, lakini sasa nafikiri ndiyo kubwa kuliko zote kwa mbwa wa kwetu, ni kwamba mikono inayopita kila sehemu ya mwili huona yale ambayo macho hayakuyaona. Msaidizi wa nyumbani mmoja, dada mtulivu aliyekuja na mbwa mdogo mwenye manyoya mengi, alipofika katikati ya vidole vya mguu wa mbele alisimama, akaninong'oneza, "Mama, hapa kuna kitu kama mbegu." Ilikuwa kupe jike aliyejaa damu, na pembeni yake wengine wadogo wanne wamejipanga katika mfereji wa ngozi. Tuliinua masikio, tukakuta wengine. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza magonjwa yanayoua mbwa wengi nchini mwetu, na dalili za mwanzo ni rahisi kuzipuuza: mbwa anakosa hamu ya chakula, mwili unapata joto, anachoka. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi na ushee kidogo, kwa hiyo kiganja kisichozoea kitamwona ana homa kumbe yuko salama, na ndiyo sababu ninataka kila mtu amguse mbwa wake akiwa mzima, ili siku atakapougua apate cha kulinganisha. Yule dada nilimwonyesha kufunua mdomo kwa upole na kutazama fizi. Zilikuwa zimepauka. Walikwenda kwa daktari mchana uleule, wakaacha warsha nusu, na niliona hiyo ndiyo nusu iliyotumika vizuri kuliko zote.

Nimechelewa makusudi kufikia upande wa nishati ya uponyaji, kwa sababu katika warsha pia hauji mapema. Huja alasiri, baada ya chai, mbwa wakiwa wamelala. Nilifunzwa Reiki miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kazini, na nimeendelea nayo kwa sababu inanituliza. Mtindo huu ulianzishwa nchini Japani na Mikao Usui mwaka 1922, na Hawayo Takata, mwanamke mwenye asili ya Kijapani aliyezaliwa Hawaii, ndiye aliyeupeleka huko mwishoni mwa miaka ya 1930, ukasambaa kutoka hapo. Mwenye kuufuata huweka viganja juu ya mwili au karibu nao, bila kubonyeza, kwa nia ya kuiruhusu nishati ya uhai ipite. Ninawaeleza wageni wangu yote hayo, na katika pumzi hiyohiyo ninawaeleza kwamba hakuna chombo kilichowahi kuipima nishati hiyo.

Huwasimulia pia kuhusu Emily Rosa, msichana wa Marekani ambaye akiwa na umri wa miaka tisa aliwajaribu watu 21 waliokuwa wakidai kuhisi nishati ya mwili wa mwingine kwa viganja vyao, katika mtindo unaokaribiana na huu. Waliingiza mikono yao kupitia matundu ya ubao uliowazuia kuona, naye akaweka mkono wake juu ya mmoja kati ya miwili, wao waseme ni upi. Katika majaribio 280 walipatia asilimia 44, yaani chini ya kile ambacho mtu angepata kwa kubahatisha, na matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nini ninawaambia wanafunzi habari inayobomoa somo langu. Sioni kwamba inalibomoa. Watu wananiletea mnyama asiyeweza kusema, na wengi wao wana wasiwasi na matumaini makubwa. Kuwaficha jambo ninalolijua kungekuwa kuchezea matumaini hayo.

Basi ninafundisha nini, ikiwa ndivyo? Ninafundisha kukaa na mbwa kwa robo saa, viganja vimewekwa kifuani na ubavuni mwake bila kusogea, pumzi ikishuka taratibu mpaka tumboni, simu zote zikiwa chumba kingine. Kwamba mguso mtulivu hufanya jambo katika miili yote miwili, hilo limepimwa. Mwaka 2003 watafiti wa Afrika Kusini, Johannes Odendaal na Roy Meintjes, walichapisha utafiti uliohusu watu 18 na mbwa 18, wakaonyesha kwamba baada ya dakika chache za kupapasana na kuzungumza kwa upole, homoni zinazohusiana na mapenzi na utulivu, oksitosini ikiwamo, ziliongezeka kwa binadamu na kwa mbwa pia. Kuna kipande cha utafiti huo ambacho huwa nakirudia mara mbili: homoni ya msongo, kotisoli, ilipungua kwa watu lakini haikupungua vivyo hivyo kwa mbwa. Maana yake kwangu ni kwamba mtu anaweza kuinuka ametulia kabisa, akadhani mbwa naye ametulia, na asiwe hivyo. Hapo tunarudi kulekule kwenye kutazama kope, midomo na mkia.

Neno kuponya silitumii, na ninawaomba wanaofuzu kwangu wasilitumie. Alikuja mama mmoja ambaye mbwa wake alikuwa na saratani, amesikia kwamba ninafanya kazi ya nishati, na macho yake yalikuwa yameshavimba kabla hajafika langoni. Nilimwambia ukweli wote tukiwa bado tumesimama nje: sitaondoa uvimbe huo, dawa ya maumivu aliyopewa na daktari asiiache hata siku moja, na kama bado anataka kuingia ili ajifunze namna ya kuzifanya siku zilizobaki za mnyama wake ziwe nyepesi, karibu sana. Aliingia. Hatukumkanda mbwa yule mahali popote. Mama aliweka mikono pale ambapo mbwa alimwelekeza, nyuma ya sikio la kushoto, akaiacha hapo. Daktari alimlaza mbwa huyo usingizi wa mwisho siku chache baadaye, na mama aliniandikia kwamba alikuwa na mikono yake mahali palepale.

Upo pia wasiwasi wa kiimani, nao sijawahi kuuchukulia kuwa ni ushamba. Mzee wa kanisa mmoja aliniuliza mbele ya watu wote, "Mama, hizo nguvu zinatoka kwa nani?" Lilikuwa swali la haki, katika nchi ambayo watu wameshaibiwa mali na akili na wanaojiita waganga. Nilimjibu kwamba hapa hatutaji jina la pepo wala la mzimu, hatuchomi kitu, hatunuizi kitu, na asiyetaka sehemu hii anaweza kutembea uani na mbwa wake mpaka tumalize. Aliamua kubaki, akaweka mikono juu ya mbwa wake, akawa anaomba Zaburi kwa sauti ya chini. Mbwa alilala. Sikuona sababu ya kumsahihisha.

Bawabu mwingine, Mwislamu kutoka Lamu, alikuwa na suala tofauti. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na yeye alikuwa na swala ya adhuhuri katikati ya siku. Hata hivyo alikuwa akilinda usiku pamoja na mbwa watatu na alitaka kujua jinsi ya kuwasaidia. Tulipanga mapema: shuka kavu la pamba juu ya mgongo wa mbwa, glavu, nguo za kubadilisha, na ndoo ya maji safi na kibakuli cha udongo pembeni mwa bomba. Alikanda kupitia shuka lile, na kwa kweli alikuwa na mikono mizuri kuliko wengi waliogusa manyoya moja kwa moja, maana shuka lilimlazimisha kwenda polepole na kusikiliza. Wakati wa chai alitukumbusha hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa kwa ajili hiyo. Tangu wakati huo shuka na glavu vipo kwa yeyote anayevihitaji, bila kuulizwa sababu.

Mwisho wa siku kila mtu huondoka na karatasi moja tu, ya Kiswahili, yenye michoro niliyoichora kwa mkono: mahali pa kuanzia, mahali pa kuacha, dalili za kusimamisha, na nambari ya daktari wao wenyewe waliyoijaza kwa kalamu. Ninawasihi wasimkande mbwa kila siku kwa juma la kwanza. Mbwa ambaye hajawahi kuguswa kwa upole huhitaji siku za kulitafakari jambo hilo, na mara kwa mara huja mwenyewe kulidai. Kuhusu Simba, nyonga zake hazikupona wala hazitapona. Anatumia dawa, amepunguzwa uzito, na kibandani amewekewa godoro. Mzee anasema sasa hukaa na bawabu wake jioni kabla ya lango kufungwa, mmoja upande wa kichwa na mwingine upande wa mkia, na kwamba wamezungumza mambo mengi ambayo hawakuwahi kuyazungumza kwa miaka waliyofanya kazi pamoja.

Habari za warsha zimefika sasa kwenye kampuni moja ya ulinzi yenye mbwa wengi, nao wameniomba niwafundishe wasimamizi wao. Nimewajibu kwamba nitafundisha wale wanaoshika kamba usiku, wasimamizi wakipenda waje pia, na kwamba mbwa watakaoletwa wasiwe wamefanya zamu usiku wa kuamkia siku hiyo. Sharti la kwanza wamelikubali. La pili bado wanalihesabia gharama, na mpaka walimalize sijapanga tarehe.